DAI SI DENI
Mazungumzo na jamaa za wanajeshi wastaafu, katika ukumbi wa parokia



Ndugu zangu wapendwa, wazazi, akina mama na vijana, asanteni kwa kuacha kazi zenu za Jumamosi mkaja kuketi nasi hapa. Padre aliponiomba niseme maneno machache juu ya barua zinazotoka Marekani, nilidhani watakuja watu watano. Sasa naona viti vimeisha na wengine wamesimama mlangoni. Kumbe jambo hili liko katika nyumba nyingi, ila kila mmoja alifikiri ni lake peke yake.

Kwanza niseme wazi: mimi si wakili. Mimi ni mfanyakazi wa jamii. Nitakayowaambia nimeyajifunza kwa kumsaidia mtu mmoja wa hapa kwetu, na katika kumsaidia nilianza kwa kukosea. Nitawaambia hata hilo kosa, maana huenda likawafaa kuliko mashauri yangu.

Wengi wenu mnajua mambo yalivyo. Vijana wetu walikwenda Marekani, wakapata ukaazi wa kudumu, na sheria ya kule inamruhusu mwenye ukaazi huo kujiunga na jeshi. Wengine walipelekwa vitani. Wakarudi, mmoja na mgongo mbaya, mwingine masikio hayasikii, mwingine usiku halali. Serikali ya Marekani ina idara ya wanajeshi wastaafu, ambayo kwa kifupi huitwa VA. Idara hii humlipa kila mwezi yule aliyepata ulemavu kwa sababu ya utumishi wake. Ulemavu hupimwa kwa asilimia, kumi kumi, kuanzia 0 hadi 100. Kuanzia asilimia 30 kwenda juu, mtu huongezewa kidogo kwa ajili ya mke au mume, watoto, na hata wazazi wanaomtegemea. Na akirudi kuishi Kenya, malipo hayo ya ulemavu humfuata hapa hapa. Ni haki yake, si zawadi.

Shida huanza siku inapokuja barua nyingine inayosema: tulikulipa kupita haki yako, rudisha.

Baba mmoja wa parokia hii, ambaye ameniruhusu kusimulia bila kumtaja jina, alipata barua ya namna hiyo katikati ya mwaka 2023. Hakumwambia mtu. Aliiweka chini ya godoro. Mama yake mzazi aliona tu kwamba kijana ameacha kula vizuri, na kwamba ameleta mtu kupima ile sehemu ya shamba iliyo karibu na barabara. Alipoulizwa, akasema anauza. Akiulizwa kwa nini, anakaa kimya.

Ndipo mama akaja kwangu, nikamwendea. Alinionyesha barua huku mkono ukitetemeka. Nitatumia hesabu nyepesi ili tuelewane: ilikuwa inamdai dola 6,300. Kwa pesa zetu za wakati ule ni karibu shilingi elfu mia tisa. Akaniambia, "Dada, mimi si mwizi. Nilipigana nao, nikaumia nao, leo wananiita mwizi."

Nami nikafanya kosa langu. Nikamwambia, "Kaka, dawa ya deni ni kulipa. Uza hiyo sehemu, ulipe, upate amani." Nilisema hivyo kwa nia njema. Nililelewa hivyo, kwamba ukidaiwa lipa, tena lipa upesi kabla majirani hawajasikia.

Aliyetuokoa ni yule mama. Ni mzee, hajui kusoma, alikuwa ameketi pale mlangoni akichambua maharagwe. Akauliza, "Hizo pesa, ni nani amehesabu?"

Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyekuwa amehesabu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojifunza neno ninalotaka mwende nalo nyumbani leo. Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo. Lakini kilichoandikwa katika barua ya kwanza ni dai. Dai si deni mpaka lihakikishwe. Na dawa ya dai ni kuuliza: Mnanidai nini? Tangu tarehe gani hadi gani? Kwa sababu gani? Mmehesabu vipi?

Tukakaa mezani tukasoma barua neno kwa neno. Sababu ilikuwa talaka. Yeye na mke wake waliachana kule Marekani, na kwa miaka kadhaa aliendelea kupokea nyongeza ya mke. Hakuarifu ofisi. Hakukusudia kuiba, ila hakujua kwamba ni wajibu wake kuarifu. Mwishowe alipojaza fomu ya kueleza hali ya familia yake, palipoulizwa ndoa ilivunjika lini, aliandika Machi 2018. Huo ulikuwa mwezi ambao mke alifunga mizigo akaondoka. Lakini mahakama ilivunja ndoa Juni 2021.

Mnaona tofauti? Moyoni ndoa ilikuwa imekwisha 2018. Kisheria ilikwisha 2021. Sheria ya VA inasema nyongeza ya mke hukoma mwisho wa mwezi ambao talaka ilitolewa. Siku ya kugombana haiangaliwi. Ofisi ilihesabu kwa tarehe aliyoiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake: kuanzia Aprili 2018 hadi Juni 2023, miezi 63. Kwa dola 100 kwa mwezi, ni 6,300. Ukihesabu kwa tarehe ya mahakama, ni kuanzia Julai 2021, miezi 24. Ni dola 2,400. Zile 3,900 nyingine hakuwa anadaiwa na mtu yeyote. Alikuwa karibu kuuza shamba la baba yake kulipa pesa ambazo hazikuwa deni, na mimi nikiwa nyuma nikimsukuma.

Basi sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Barua kama hiyo ikija, tufanye nini?

Jambo la kwanza: ifungue, usiifiche. Tazama tarehe iliyoandikwa juu. Posta yetu mnaijua, na barua inaweza kukaa wiki tatu katika sanduku la shule kabla mtoto hajaileta. Andika pembeni siku uliyoipokea na utunze bahasha, lakini fanya hesabu yako kwa tarehe ya barua, usichelewe. Kuna siku 30 za mwanzo ambazo ni za maana sana. Ukijibu ndani ya siku hizo 30, unaweza kuzuia kukatwa pesa wakati jambo lako likichunguzwa. Baada ya hapo bado unaweza kujitetea, lakini wanaweza kuanza kukata katika malipo yako ya kila mwezi. Na ukikaa kimya kabisa, hawakusahau. Siku 120 zikipita, deni linaweza kupelekwa hazina ya serikali yao, nao wana mikono mirefu.

Jambo la pili: hakikisha barua ni ya kweli. Siku hizi walaghai wengi wanajua ni nani analipwa kutoka ng'ambo. Ofisi ya VA inayoshughulika na madeni haya ni kituo chao cha madeni kilichoko St. Paul, katika jimbo la Minnesota. Ingia katika akaunti yako mwenyewe ya VA, au piga simu kwa nambari uliyoipata kwao moja kwa moja, uone kama deni limeandikwa huko. Serikali ya Marekani haiwezi kukuambia utume pesa kwa simu kwa mtu fulani mjini. Ukiambiwa hivyo, huo ni wizi.

Jambo la tatu: tafuta sababu. Sababu kubwa ni chache, na karibu zote ni mabadiliko katika maisha. Talaka, kama ya ndugu yetu. Mtoto aliyefika miaka 18 na haendi shule tena, maana aliye shuleni huhesabiwa mpaka miaka 23. Mtu aliyerudi jeshini, au aliyelipwa kwa siku za mazoezi ya jeshi la akiba, kwa kuwa hawezi kupokea malipo yote mawili kwa siku zilezile. Mtu aliyefungwa kwa kosa kubwa: kuanzia siku ya 61 gerezani malipo yake hupunguzwa sana. Na kifo. Hili nalisema kwa upole lakini nalisema: mwenye malipo akifariki, jamaa waiarifu VA mara moja. Msichukue kadi yake ya benki mkaendelea kutoa pesa eti ni za mazishi. Mjane anaweza kuwa na haki zake, lakini aziombe kwa jina lake mwenyewe.

Jambo la nne, na hapa ndipo wengi huchanganya: kuna njia mbili, nazo si moja.

Njia ya kwanza ni kupinga. Kupinga ni kusema: sidaiwi hizi, au sidaiwi zote. Hapo unaleta ushahidi. Hati ya talaka, cheti cha kuzaliwa, barua ya shule ya mtoto, karatasi ya jeshi yenye tarehe. Unaweza pia kuomba hesabu yao, mwezi kwa mwezi. Tena jueni jambo hili: kama malipo yalizidi kwa kosa la ofisi peke yake, na wewe hukuchangia wala hukujua, sheria yao inasema punguzo lianze tarehe ya malipo ya mwisho. Maana yake, deni la nyuma halipo. Lakini huwezi kusema hivyo kama uliona pesa zimeongezeka ghafla ukanyamaza.

Njia ya pili ni kuomba msamaha wa deni. Hapa unasema: ni kweli nilizidishiwa, lakini kunidai kutaniumiza kupita haki. Kwa hili kuna fomu namba 5655, ambayo ni taarifa ya mapato yako, matumizi yako na mali yako. Kutoka tarehe ya barua ya kwanza una mwaka mmoja wa kuomba. Zamani zilikuwa siku 180. Sheria ilibadilishwa mwishoni mwa 2022, kwa hiyo yule aliyesikia habari za siku 180 asikate tamaa. Lakini nawasihi, ombeni ndani ya zile siku 30, ili msianze kukatwa.

Kamati inayoamua huangalia mambo kadhaa. Kosa ni la nani? Ofisi nayo ilikosea? Ukilipa, utakosa chakula, nyumba au dawa? Je, kukudai kutaharibu lile kusudi lenyewe la malipo ya ulemavu? Umejitajirisha isivyo haki? Ulibadilisha maisha yako kwa kutegemea pesa hizo? Sheria yenyewe imetumia maneno ya haki na dhamiri njema. Mimi nilipoyasikia nilishangaa kidogo, kwa sababu ni maneno tunayoyatumia hapa kanisani. Ila kama kuna udanganyifu, hakuna msamaha. Mtu aliyedanganya makusudi mlango huo umefungwa kwake.

Unaweza kutumia njia zote mbili pamoja. Pinga kile usichodaiwa, na omba msamaha au nafuu kwa kile unachodaiwa. Usifanye kama nilivyotaka kumfanyisha ndugu yetu, kukimbilia kulipa. Wala usikimbilie msamaha kabla ya kuhesabu, kwa sababu anayeomba msamaha wa dola 6,300 ataonekana amekubali kwamba anadaiwa 6,300.

Na wakikataa? Uamuzi wao huja kwa maandishi, na una mwaka mmoja wa kukata rufaa. Kama bado ni barua ya kusema tunakusudia kupunguza, basi una bahati. Kwa kawaida hapo unapewa siku 60 za kuleta ushahidi, na ukiomba kusikilizwa ndani ya siku 30, malipo kwa kawaida huendelea mpaka usikilizwe.

Jambo la tano: usiende peke yako, na usilipie msaada unaopatikana bure. Yako mashirika ya wanajeshi wenyewe huko Marekani, kama vile American Legion, Veterans of Foreign Wars na Disabled American Veterans. Yana watu walioidhinishwa ambao humsaidia mwanajeshi bila malipo, na huhitaji kuwa mwanachama. Ndugu yetu alisaidiwa na mmoja wao kwa simu, saa nne za usiku hapa kwetu, kule ikiwa bado mchana. Mtu akikuambia, "Nipe asilimia fulani ya pesa zako nikufutie deni," mwonyeshe njia ya kurudi kwao.

Jambo la sita: daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila simu uliyopiga, andika tarehe, saa, jina la uliyesema naye na alichokuambia. Kila barua, baki na nakala. Hati yako ya asili usiitume, tuma nakala. Weka vyote katika bahasha moja, na mtu mmoja nyumbani ajue iliko. Ndugu yetu ana maumivu ya kichwa na husahau. Ni mama yake asiyejua kusoma aliyekuwa akijua karatasi ziko katika sanduku gani.

Sasa nimalizie habari yake. Alipata nakala ya amri ya mahakama, akaandika barua ya kurasa mbili kwa maneno yake mwenyewe. Alikiri kwamba hakuarifu juu ya talaka. Akaeleza kwa nini aliandika 2018, akaomba hesabu irekebishwe kwa tarehe ya mahakama. Walichukua miezi kujibu. Miezi hiyo haikuwa rahisi, na zaidi ya mara moja mnunuzi wa shamba alirudi akiwa na pesa mfukoni. Mama alikuwa akimjibu yeye mwenyewe pale langoni. Mwishowe jibu likaja: deni ni dola 2,400.

Nikamwuliza kama ataomba msamaha wa hizo pia. Angeweza kujaribu. Akafikiri siku mbili, akaniambia, "Dada, hizi nilikula. Mke alikuwa ameshaondoka kisheria, nami nikapokea pesa zake. Hizi nitalipa." Akaomba akatwe dola 100 kila mwezi. Deni la miezi 24 akalilipa kwa miezi 24, na karo ya watoto haikusimama, na shamba liko pale mpaka leo. Mmepita kando yake mkija hapa, lina mahindi.

Simwambii kila mtu afanye hivyo. Yule ambaye mgongo haumruhusu kulima, ambaye dawa zake zinakula nusu ya malipo, aombe msamaha bila aibu, maana sheria imemwekea. Kuomba kile ambacho sheria inakuruhusu si wizi. Lakini nilimheshimu sana ndugu yetu, kwa sababu alilipa anachodaiwa na alikataa kulipa asichodaiwa. Vyote viwili ni haki. Sisi wakristo mara nyingi tunahubiri ile ya kwanza na kuisahau ya pili.

Neno moja kwa wale ambao jamaa zao walikuwa katika jeshi letu la Kenya. Nyinyi mna sheria zenu na ofisi yenu ya pensheni. Fomu ni tofauti, na siku ni tofauti, kwa hiyo msichukue zile 30 na 60 mkadhani ni zenu. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za serikali, na kupewa sababu kwa maandishi ikiwa uamuzi wa ofisi unamdhuru. Kwa hiyo hata hapa nyumbani, ukiambiwa ulilipwa kupita kiasi, uliza swali la yule mama: ni nani amehesabu, na amehesabu vipi? Uliza kwa heshima, uliza kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Na neno la mwisho ni kwa sisi tunaokaa nao. Hawa wanaume na wanawake wamezoea kuvumilia. Walifundishwa kutolalamika. Mtu wa namna hiyo akipata barua ya kumwita mdaiwa, huona aibu kuliko mtu mwingine, na aibu humfanya anyamaze mpaka siku zipite. Wengine ndani ya kimya hicho hufikiri mambo mabaya zaidi ya kuuza shamba. Mkiona mtu wenu ameacha kula, ameacha kuja Misa, anauza vitu bila kusema sababu, msimgombeze. Ketini naye. Mwambieni, lete hiyo karatasi tuisome pamoja.

Kila Jumatano baada ya Misa ya asubuhi niko katika ofisi ndogo iliyo nyuma ya kanisa. Njoo na barua, njoo na bahasha yake, na kama una mama mzee anayejua kuuliza maswali, njoo naye pia.